Kamera ya geti imekufa tangu Jumanne: programu gani ifuatilie mtandao wa nyumbani?

Swali: "Kaka, shikamoo. Niko Tanga, nafanya uhasibu nikiwa nyumbani. Tuna faiba ya Mbps 20, ruta ndogo ya MikroTik, swichi ya bei rahisi ya poti nane, virusha Wi-Fi viwili, kamera nne na mashine yake ya kurekodi, printa, na vyumba vitatu vya uani ambavyo wapangaji wake wanatumia mtandao wetu, gharama imo ndani ya kodi. Jioni mtandao unakuwa mzito hadi vikao vya video vinakatika. Kamera ya geti, ambayo inatumia Wi-Fi, ilikufa Jumanne nikaja kugundua Ijumaa. Na kuna mpangaji mmoja tunamhisi kwamba ndiye anayekula mtandao wote. Je, naweza kuona anaingia wapi? Nilishauriwa niweke Zabbix kwenye kompyuta mpakato ya zamani yenye RAM ya GB 4. Nimeiweka, ndani ya siku tatu imenitumia ujumbe zaidi ya mia mbili, nikaizima. Mwingine anasema PRTG, mwingine Nagios. Nichukue ipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Najua una hesabu za watu mezani, kwa hiyo jibu fupi kwanza: weka Uptime Kuma, programu ndogo ya kuangalia kama kifaa kipo au hakipo, kwenye hiyo kompyuta, washa grafu ambazo tayari zimo ndani ya MikroTik yako, halafu ongeza kitu kimoja kilicho nje ya nyumba kitakachokuambia pale nyumba nzima inaponyamaza. Zabbix, PRTG na Nagios ziache. Na suala la mpangaji si kazi ya programu ya ufuatiliaji hata kidogo. Nitalifikia.

Umeniuliza swali moja, lakini ndani yake yamo matatu, na kila moja lina chombo chake. Kamera ya geti ni swali la "kipo au hakipo?" Mtandao mzito wa jioni ni swali la "kiasi gani, na saa ngapi?" Mpangaji ni swali la "nani?" Waliokushauri wamekutajia programu wanazozitumia kazini, ambako maswali yote matatu huulizwa kwa pamoja juu ya seva mia na zaidi, na yupo mtu anayelipwa mshahara wa kukaa mbele ya kioo.

Zabbix ni programu nzuri sana. Ilianzishwa Latvia na Alexei Vladishev, toleo lake la kwanza kwa umma likatoka 2001, na mimi mwenyewe naitumia kwa wateja. Ila ukiipa kompyuta moja tu ya kuangalia, kiolezo chake kinaanza kupima kumbukumbu, diski, michakato, muda tangu kuwashwa, na vitu vingine kadhaa, kila kimoja na kengele yake. Zile jumbe mia mbili si hitilafu. Programu ilifanya ilichotumwa, aliyeituma tu hakukuuliza wewe unataka kuamshwa kwa jambo gani. Juu ya hayo inahitaji hifadhidata yake inayofanya kazi usiku na mchana, na RAM ya GB 4 si shamba kubwa.

Nagios ni ya zamani zaidi. Ethan Galstad aliitoa 1999 ikiitwa NetSaint, jina likabadilika baadaye. Toleo lake la bure unalipanga kwa kuandika mafaili ya maandishi, kifaa kwa kifaa. Ina akili moja ninayoipenda: unaweza kuiambia kwamba kamera iko nyuma ya swichi fulani, ili swichi ikifa isikupigie kelele za kamera tatu, iseme tu kwamba hazifikiki. Lakini kwa vifaa kumi na viwili vya nyumbani, jioni zako mbili za kuandika mafaili hazitarudi.

PRTG ya kampuni ya Paessler ya Ujerumani ni rahisi kuanza nayo na sura yake inapendeza. Mambo mawili yananizuia. Seva yake inataka Windows. Pili, toleo la bure lina kikomo cha vipimo 100, na hapo wengi hujichanganya: kipimo si kifaa. Ping, yaani kukiita kifaa na kuona kama kinaitikia na kwa muda gani, ni kipimo kimoja, trafiki ya poti moja ni kipimo kingine, diski kingine. Kifaa kimoja kinaweza kumeza kumi kabla hujageuka, na hapo mia zimeisha kwa vifaa kumi.

Kuna na wale watakaokuonyesha picha za Grafana, mishale inacheza, rangi kama mwenge wa harusi. Grafana ni ya kuchora tu. Nyuma yake kunatakiwa kitu cha kukusanya takwimu, mara nyingi Prometheus, na nyuma ya Prometheus kunatakiwa vikusanyaji vya takwimu za kila kifaa. Ukiwa na hamu ya kujifunza, ni mchezo mzuri wa mwezi mmoja. Ila wewe una kamera iliyokufa.

Kabla ya kusakinisha chochote, chukua karatasi. Andika kila kifaa kinachokaa kwenye waya na kile kinachokaa kwenye Wi-Fi, na kipi kimechomekwa kwenye kipi. Nafahamu inachosha, lakini utagundua jambo ambalo hakuna programu itakayokuambia: ile swichi yako ya poti nane haina anwani ya IP. Swichi za bei rahisi hazina ubongo wa kujibu mtu. Hazijibu ping, hazijui SNMP, ile lugha ambayo vifaa vya mtandao hutolea takwimu zao, hazionekani popote. Kwa hiyo LibreNMS, ambayo mtu mwingine atakuja kukushauri, na ambayo uzuri wake wote ni kuuliza vifaa maswali kwa SNMP, kwako itaikuta ruta tu, pengine na printa. Swichi utaifuatilia kwa dalili: kamera tatu za waya na mashine ya kurekodi zikianguka kwa dakika ileile, kwenda kwenye kamera ni kupoteza muda, kaangalie adapta ya swichi.

Ukimaliza karatasi, ingia kwenye ruta, kwenye orodha ya DHCP, yaani ya anwani ambazo ruta imevigawia vifaa, na uzifunge anwani za vifaa visivyohama: kamera, mashine ya kurekodi, printa, virusha Wi-Fi, na hiyo kompyuta yenyewe. Kama hukubadilisha mpangilio wa kiwandani, MikroTik yako iko 192.168.88.1 na vifaa vyote viko kwenye mtandao wa 192.168.88. Usipofunga anwani, baada ya umeme kukatika mara moja programu itakuwa inapigia hodi mlango wa jirani.

Sasa Uptime Kuma. Ni programu huria, bure, inakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe, na ukitumia Docker, chombo cha kuendesha programu zilizofungashwa tayari, usakinishaji wake ni amri moja, kisha unaifungua kwenye kivinjari kupitia poti 3001. Kazi yake ni ile ya mlinzi wa zamu anayepita na tochi: kila baada ya muda anagonga mlango, asipoitikiwa anakuita. Kwa kawaida hugonga kila baada ya sekunde 60. Ujumbe unaweza kukufikia kwa Telegram, kwa barua pepe, au kwa njia nyingine nyingi. Kutengeneza roboti ya Telegram ni kazi ya dakika tano.

Hapa kuna kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, na mimi nilikuwa wa kwanza. Unaweka ping kwenye kamera, inajibu, unalala. Kumbe ping inajibiwa na sehemu ya chini kabisa ya kifaa. Kamera inaweza kuwa imeganda, haitoi picha, na bado ikajibu ping vizuri tu. Kwa hiyo kwenye kamera usiridhike na ping. Chagua kipimo cha poti ya TCP, uweke 554, ambayo ndiyo poti ya kawaida ya RTSP, njia ambayo kamera nyingi hutolea video. Mlango huo ukifungwa, video haipo. Kwa mashine ya kurekodi, pima ukurasa wake wa kuingilia. Hata hivyo hakuna kipimo cha mbali kitakachokuambia kwamba diski imejaa au saa imerudi miaka nyuma na rekodi zinaandikwa kwa tarehe za ajabu. Kwa hilo, Jumamosi moja moja fungua rekodi ya juzi uitazame kwa macho.

Kengele zipunguze. Mpangilio wangu kwa nyumba kama yako: kifaa kishindwe mara tatu mfululizo ndipo ujumbe utoke. Dakika tatu za kamera kutoonekana haziuzi nyumba. Kamera ya geti, kwa kuwa iko kwenye Wi-Fi, ipe mara tano. Printa usiiwekee kengele kabisa, maana inalala kwa makusudi. Simu na televisheni vivyo hivyo: simu ikizimwa kioo huacha kujibu ping ili kutunza betri, na programu itakuambia imekufa mara arobaini kwa siku. Sababu kubwa ya watu kuzima programu za ufuatiliaji si ubovu wa programu, ni kengele zisizo na maana. Wewe mwenyewe umeshapitia.

Tukija kwenye mzito wa jioni, hapa ndipo penye kazi ya kufikiri. Usiweke kengele. Weka vipimo vya ping kwa vituo vitatu, kisha ziache grafu zijichore kwa wiki mbili. Cha kwanza ni ruta yako. Cha pili ni kituo cha kwanza cha mtoa huduma baada ya ruta yako, ambacho utakipata kwa amri ya traceroute, inayoorodhesha vituo vya njiani: anwani inayofuata baada ya ruta na kisanduku cha faiba. Vingine havijibu ping, ukikuta hivyo chukua kinachofuata. Cha tatu ni mahali mbali panapojulikana, kama 1.1.1.1 ya Cloudflare au 8.8.8.8 ya Google. Kompyuta inayopima iunganishwe kwa waya moja kwa moja kwenye ruta. Ukiiweka kwenye Wi-Fi, utakuwa unapima Wi-Fi huku ukimlaumu mtoa huduma.

Kusoma grafu hizo ni kama kumsikiliza mgonjwa akuonyeshe panapouma. Saa mbili usiku ruta inajibu kwa milisekunde moja kama kawaida, lakini kituo cha pili kimepanda kutoka milisekunde 5 hadi 200: tatizo liko kati ya ruta yako na mtoa huduma, na cha tatu kitapanda pia kwa kuwa njia ni ileile. Kituo cha pili kiko sawa ila cha tatu kimepanda: tatizo liko mbele zaidi, na nyumbani kwako huna cha kufanya. Vyote vitatu viko sawa lakini simu yako sebuleni inasota: tatizo ni Wi-Fi. Na kwa Wi-Fi una kipimo cha bure ambacho hukukitegemea, ile kamera ya geti. Ping yake ikianza kupotea kila jioni wapangaji wanaporudi, basi inawezekana hata kifo cha Jumanne hakikuwa cha kamera, kilikuwa cha masafa. Jaribu kubadilisha chaneli ya kirusha Wi-Fi kabla hujanunua kamera mpya.

Hali ile ya kwanza, ya kituo cha pili kupanda, ina sababu mbili ambazo ping peke yake haiwezi kuzitofautisha. Ama bomba lenu limejaa kwa matumizi yenu wenyewe, ama mtoa huduma amewauzia watu wengi kuliko anachokimudu na jioni wote mnajibanza. Ndiyo sababu nikasema uwashe grafu za MikroTik. Zimo kwenye Tools, kisha Graphing. Ziwashe kwa poti inayokwenda kwenye faiba, na utaziona kwenye kivinjari kwa kuandika anwani ya ruta ikifuatiwa na /graphs. Grafu ya siku hupima kwa wastani wa dakika tano, ya wiki kwa nusu saa, ya mwezi kwa saa mbili. Weka grafu hiyo kando ya ile ya ping. Ping imepanda na bomba linasoma Mbps 19 au 20: ni nyinyi. Ping imepanda na bomba linasoma Mbps 6: si nyinyi, na hapo una ushahidi wa kumpelekea mtoa huduma badala ya kumwambia "mtandao uko slo", neno ambalo dawati la huduma kwa wateja hulisikia siku nzima. Ukitaka ushahidi mzito zaidi, ipo SmokePing, kazi ya Tobias Oetiker wa Uswisi, ambaye pia aliandika MRTG, babu wa grafu hizi zote, mnamo 1995. SmokePing kwa mpangilio wake wa kawaida hutuma ping 20 kila dakika tano na kuchora jinsi zilivyotawanyika, kama moshi. Fundi yeyote wa mtandao akiiona picha hiyo hubadilisha sauti.

Angalia mstari wa kupandisha kwa makini kuliko ule wa kushusha. Watu hulaumu sinema, lakini sinema hushuka. Kinachokaba nyumba mara nyingi ni kinachopanda, hasa kama kifurushi chako kina kasi ndogo ya kupandisha, maana bomba la juu likijaa hata maombi madogo ya kushusha hukosa nafasi ya kutoka. Mimi niliwahi kumshuku jirani niliyekuwa nikimgawia mtandao, nikaweka vipimo kwa wiki mbili nzima ili nimkamate. Kumbe ni simu yangu. Kila nikiingia getini saa moja jioni, ilianza kupandisha video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Sikumwambia jirani, na mpaka leo hajui kwa nini niliacha kumuuliza maswali ya ajabu ajabu.

Hayo yananipeleka kwa mpangaji wako.

Umeuliza kama unaweza kuona anaingia wapi. Kitaalamu, sehemu ndogo unaweza. Ukiweka Pi-hole, ambayo ni programu ya kujibu maswali ya DNS (kifaa kikiuliza jina la tovuti lina anwani gani) na kuzuia matangazo, itakuandikia orodha ya majina ya tovuti ambayo kila kifaa kimeyaulizia. Haitakuonyesha alichosoma wala alichoandika, kwa kuwa tovuti karibu zote sasa husimba mawasiliano kwa HTTPS. Na vivinjari vingi vinaweza kuficha hata maswali ya DNS. Lakini nakushauri usifanye. Orodha hiyo ni maisha ya mtu mzima anayelipa kodi: hospitali anayoitafuta, benki anayotumia, dini yake, mapenzi yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hata isingekuwepo, siku atakapojua utamtazamaje pale bombani?

Isitoshe, hutafika mbali. Simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hujitambulisha kwenye Wi-Fi kwa anwani ya MAC, namba ya utambulisho wa kifaa, ya kubuni badala ya ile ya kiwandani. Mpangaji akiirudisha simu kwenye hali ya kiwandani, au akibadilisha simu, orodha yako yenye "simu ya chumba namba mbili" inakuwa hadithi.

Tatizo lako si kumjua nani anakula. Tatizo ni kwamba chungu ni kimoja na hakuna anayepakua. Basi pakua. Wape wapangaji Wi-Fi yao, yenye jina lake na mtandao wake uliotengwa na kamera na kompyuta ya kazi. Kwa kweli hilo lilitakiwa lifanyike siku ya kwanza, kwa usalama tu. Kisha kwenye MikroTik tengeneza foleni ya aina ya PCQ kwa mtandao huo, ambayo hugawa kasi iliyopo sawa kwa sawa kati ya vifaa vinavyotumia kwa wakati huo. Ukiwapa jumla ya Mbps 12 na watumiaji wako wanne, kila mmoja ana 3. Akibaki mmoja usiku wa manane, ana 12 zote. Wewe unabaki na 8 za kikao chako. Kama ruta yako imeshasasishwa hadi RouterOS 7, mfumo endeshi wa MikroTik, ipo pia aina ya foleni iitwayo CAKE, ambayo inazuia ping kupanda pale bomba linapojaa. Iweke kwenye foleni ya bomba zima, ukiandika kasi pungufu kidogo ya unayolipia, tuseme Mbps 18 kwa zile 20, ili foleni ijipange kwenye ruta yako na si kwa mtoa huduma.

Kuna mtego hapo, nao umewachosha mafundi wengi. Mpangilio wa kiwandani wa MikroTik una kanuni ya FastTrack kwenye ukuta wa moto, ambayo hupitisha trafiki kwa njia ya mkato ili kuipunguzia ruta kazi. Trafiki inayopita kwenye mkato huo hairuki tu ukaguzi, inaruka na foleni zako pia. Utapanga foleni vizuri, utatazama hesabu, utakuta karibu sifuri, na utadhani umekosea. Zima kanuni hiyo. Kwa Mbps 20 ruta yako haitahisi uzito.

Foleni nazo zina grafu kwenye ukurasa uleule wa /graphs. Kwa hiyo utajua wapangaji kwa jumla wanatumia kiasi gani, saa ngapi. Hicho ndicho kiasi cha kujua ambacho mwenye nyumba anahitaji, na unaweza kuwaonyesha grafu hiyo bila aibu pale mtakapojadili kulipia kasi kubwa zaidi.

Limebaki la mlinzi kufa pamoja na nyumba. Umeme ukikatika, kompyuta mpakato itaendelea kwa betri yake, na hapo ndipo inapoishinda kompyuta ya mezani. Lakini ruta na kisanduku cha faiba vimezimika. Uptime Kuma itaona kila kitu kimekufa, itaandika ujumbe, na haitakuwa na njia ya kuutoa. Wewe uko harusini Muheza, simu kimya, unadhani salama.

Dawa ina sehemu mbili. Nunua UPS ndogo za DC, zile visanduku bapa vya betri zinazouzwa kwa ajili ya ruta, uweke kwa ruta na kwa kisanduku cha faiba. Soma volti nyuma ya kila adapta kabla ya kuchomeka: vifaa vingi vya aina hii ni volti 12, lakini si vyote, na volti 12 kwenye kifaa cha volti 5 hukupa harufu ambayo hutaisahau. Sehemu ya pili ni kengele ya kinyumenyume. Huduma ya Healthchecks.io inakupa anwani ya siri. Kompyuta yako inaigonga kila dakika tano, na ikiacha kugonga, wao walio nje ndio wanaokutumia ujumbe. Kiwango cha bure kinakupa vipimo 20, wewe unahitaji kimoja. Ni mstari mmoja kwenye kazi za ratiba za Linux. Kwa namna hii ukimya wenyewe unakuwa habari. Kitu cha kuchekesha: Healthchecks nayo inatoka Latvia, kama MikroTik na kama Zabbix. Nchi ndogo ile, sijui wanakunywa maji gani.

Mambo ya kompyuta yenyewe, haraka haraka. Iweke Linux. Kwenye faili la logind.conf andika HandleLidSwitch=ignore ili isilale ukifunga kifuniko. Docker iambie iwashe Uptime Kuma yenyewe kila kompyuta ikiwaka. Kuhusu LUKU, kompyuta mpakato isiyofanya kazi kubwa, kioo kimezimwa, ikila wati 15 ni kama yuniti 11 kwa mwezi. Raspberry Pi yenye kula wati 4 ingekuwa chini ya 3, ila ungelazimika kuinunua, na kadi yake ya kumbukumbu huchakaa kwa kuandikwa kila dakika. Usiinunue kwa sasa. Betri ya zamani inayokaa kwenye chaji mwaka mzima huvimba, kwa hiyo kama kompyuta yako inaruhusu, weka kikomo cha chaji asilimia 80, na kila mwezi ipapase chini: ikianza kuyumba mezani, toa betri.

Usifungue poti 3001 kwenye ruta ili uione ukiwa mbali. Mara nyingi hata ukifungua haitafanya kazi, kwa kuwa watoa huduma wengi huweka wateja nyuma ya anwani moja ya pamoja; ukikuta anwani ya nje ya ruta yako inaanzia kati ya 100.64 na 100.127, ndivyo ilivyo kwako. Tumia Tailscale, inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya faragha kupitia intaneti, kwenye kompyuta na kwenye simu yako.

Na ile Zabbix, usiizime tu kama ulivyofanya. Iondoe pamoja na hifadhidata yake, maana hifadhidata hiyo inaendelea kuwaka nyuma ya pazia na ndiyo inayokula RAM yako sasa hivi. Wiki mbili zikipita, nitumie picha mbili za saa moja hadi saa nne usiku, ya ping ya kituo cha pili na ya poti ya faiba, nikusaidie kuzisoma kabla hujampigia mtoa huduma.